Mwanamfalme Mezani: Uchambuzi wa Kisa cha Tranby Croft

Wapenzi wa riwaya za upelelezi wanaijua ile aina isiyo na damu nyingi: jumba kubwa la shamba, wageni waliovaa vizuri, chakula cha jioni, kisha jambo baya linatokea na mtu ambaye si polisi analifumbua kabla wageni hawajafunga mizigo. Aina hiyo ina tawi dogo ambalo mpelelezi wake ni mtu wa ukoo wa kifalme. Mwandishi wa Kiingereza Peter Lovesey alitoa riwaya tatu za tawi hilo, ya kwanza mwaka 1987, na kazi ya upelelezi akamkabidhi Albert Edward, Mwanamfalme wa Wales, mtoto mkubwa wa kiume wa Malkia Victoria, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Edward VII. Nyumbani kwao walimwita Bertie, na Lovesey naye anamwita hivyohivyo. Bertie wa riwaya anasimulia mwenyewe, anajisifu mwenyewe, na hupenda kumnyooshea kidole mtu asiyehusika.

Bertie wa kweli naye aliwahi kuletewa fumbo la aina hiyohiyo mpaka mezani kwake. Ilikuwa Septemba 1890, katika jumba la Tranby Croft karibu na mji wa Hull, kaskazini mwa Uingereza. Maiti haikuwapo. Mengine yote yalikuwapo: jumba, wageni, siri, mtuhumiwa mwenye maadui, mashahidi wanaopishana, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kumwita yeyote na kumuuliza lolote. Mtu huyo hakuuliza. Na ukitaka kujua kwa nini mwanamfalme mpelelezi ni kiumbe wa kubuni tu, anzia hapa.

Nyumba na waliokuwamo

Kila Septemba Bertie alikwenda Doncaster kuangalia mbio za farasi za St Leger, na kwa miaka mingi alifikia kwa rafiki yake Christopher Sykes. Kufikia 1890 Sykes alikuwa amekauka kifedha kwa kumkirimu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mrithi wa kiti cha enzi nani atampa jembe? Mwaka huo ikabidi atafutiwe mwenyeji mwingine, na aliyepatikana ni Arthur Wilson, tajiri wa meli wa Hull. Pesa alikuwa nazo, ukoo hakuwa nao, na kumlaza mwanamfalme nyumbani kulikuwa kilele cha heshima ambacho pesa peke yake isingenunua. Wilson hakupenda bakara, mchezo wa karata wa kuwekeana pesa, ichezwe kwake. Bertie aliipenda mno, na popote alipokwenda alibeba kete zake mwenyewe za ngozi, zenye alama yake upande mmoja na thamani upande wa pili, kuanzia shilingi 5 hadi pauni 10. Mahakama za Uingereza zilikuwa zimekwisha kuiweka bakara miongoni mwa michezo ya kamari iliyo haramu. Hilo halikumzuia mtu.

Kati ya wageni, wa kuwashika kichwani ni hawa. Jenerali Owen Williams na Lord Coventry, watu wazima, marafiki wa Bertie. Reuben Sassoon, tajiri, naye rafiki. Lord Edward Somerset na binamu yake Kapteni Arthur Somerset. Kwa upande wa nyumba: kijana Stanley Wilson, mtoto wa mwenye nyumba, na shemeji yake Edward Lycett Green. Kisha Berkeley Levett, ofisa kijana wa kikosi cha Scots Guards.

Mtuhumiwa ni Sir William Gordon-Cumming, Luteni Kanali katika kikosi hichohicho cha Levett, umri miaka 42. Alipigana Afrika Kusini katika vita dhidi ya Wazulu mwaka 1879, Misri 1882 na Sudan 1884 hadi 1885. Alikuwa na mashamba makubwa Uskoti; moja ya nyumba za ukoo wake, Gordonstoun, ndiyo iliyokuja kuwa shule alikosoma Mfalme Charles wa leo. Alikuwa na ulimi mkali, aliwadharau waliopata utajiri jana, na sifa yake kwa wake za watu haikuwa nzuri. Kwa Bertie alikuwa rafiki wa miaka mingi.

Mwandishi wa riwaya angefurahi kupewa orodha hii. Mtuhumiwa ana kiburi cha kutosha kuchukiwa na nyumba nzima, lakini hana dhiki ya pesa.

Usiku wa Jumatatu, tarehe 8

Baada ya chakula na muziki kidogo Bertie akataka bakara. Meza ya mchezo haikuwapo. Stanley akaunganisha meza tatu za vimo tofauti na kuzifunika kitambaa cha nakshi chenye rangi nyingi. Tafadhali shika jambo hili la kitambaa.

Bakara si ngumu. Mmoja anashika benki na kucheza dhidi ya wote. Wachezaji wanakaa pande mbili, kila upande unapata karata zake, benki nayo zake. Kumi na picha hazina thamani, ree ni moja, nyingine zinahesabiwa kama zilivyo. Jumla ikifika makumi, makumi yanatupwa, na aliye karibu zaidi na tisa ndiye mshindi. Kila mtu anaweka dau mbele yake kabla ya karata kugawiwa, na dau linakaa hapo mpaka alipwe au liondolewe. Kwa hiyo kama mtu anataka kuiba, karata si lazima aziguse. Anangoja aone upande wake umeshinda, halafu kabla mlipaji hajamfikia anasogeza kete moja mbili zaidi kwenye dau. Akishindwa, anavuta nyuma. Kwenye majumba ya kamari ya Ufaransa wizi huo una jina lake, poussette, na kila mlipaji mzoefu anaujua.

Gordon-Cumming alilalamika kwamba rangi za kile kitambaa zinafanya kete zisionekane, akaweka karatasi nyeupe mbele yake na dau lake akawa analiweka juu ya karatasi. Pembeni yake aliketi Stanley. Mchezo haujakwenda mbali, Stanley akaona, au akadhani ameona, Sir William akiongeza kete nyekundu, za pauni 5 kila moja, wakati matokeo yamekwisha kujulikana. Akaona tena. Akamnong'oneza Levett aliyekuwa upande wake wa pili kwamba huyu bwana anaiba. Levett akaangalia, akakubali.

Mchezo ulipokwisha, Bertie alimpongeza Gordon-Cumming kwa kucheza vizuri.

Usiku wa Jumanne, tarehe 9

Safari hii kulikuwa na meza moja ndefu, kitambaa cha kijani, na mstari wa chaki uliochorwa kama inchi 6 kutoka ukingoni ili kete zisizochezwa zibaki nyuma ya mstari. Bertie alishika benki. Jenerali Williams alikuwa mlipaji, yaani yeye ndiye aliyetazama kila dau na kulilipa au kulifagia. Stanley alikuwa amekwisha kumweleza Lycett Green, na habari ilikuwa imeanza kupita ndani ya familia.

Usiku huo Lycett Green akaona. Akatoka chumbani, akaandika kikaratasi kumpelekea mama mkwe wake, kumweleza na kumtaka asimamishe mchezo. Mchezo haukusimamishwa, ungesimamishaje mchezo ambao mshika benki wake ni mwanamfalme? Mama Wilson naye akaangalia, akaona. Mke wa Lycett Green akaona.

Kuna tukio moja dogo la usiku huo ambalo mimi ningeliandikia sura nzima. Kwa mujibu wa ushahidi uliotolewa baadaye mahakamani, Gordon-Cumming alilipwa pauni 10, akasema bado anadai 10 nyingine. Bertie akamwambia angependa aweke kete zake mahali zinapoonekana vizuri, kisha akamwambia Williams amwongeze hizo 10. Kwa dakika moja, basi, mwanamfalme alikaribia kabisa kufanya upelelezi. Dau la rafiki yake lilikuwa na utata, akauona, akautaja kwa sauti, halafu akalipa na kuendelea kugawa karata.

Kwa siku mbili Gordon-Cumming alishinda jumla ya pauni 225.

Jumatano: kesi ya dakika chache

Jumatano ilikuwa siku ya St Leger yenyewe. Lycett Green alimweleza Lord Edward Somerset, habari ikapanda ngazi hadi kwa Coventry na Williams, nao jioni wakampelekea Bertie. Lycett Green alikuwa tayari ametishia kwamba jambo lisiposhughulikiwa atamkabili mtuhumiwa hadharani kwenye uwanja wa mbio. Gordon-Cumming alipoitwa na kuelezwa, alikana kabisa na kutaka kumwona mwanamfalme. Alimwona, akakana tena mbele yake. Bertie alimjibu kwamba watuhumu ni watano, naye yuko peke yake.

Baadaye usiku uleule Williams na Coventry wakamletea karatasi. Ilisema kwamba waungwana waliotia saini wanaahidi kunyamaza juu ya tuhuma hiyo, naye kwa upande wake anaahidi kutocheza karata tena maisha yake yote. Akagoma: kutia saini ni kukiri. Wakamwambia asipotia saini ataaibishwa kesho yake. Akatia. Chini yake wakasaini wanaume kumi, wa kwanza mwanamfalme. Angalia kwamba wanawake waliojua hawakuombwa saini hata mmoja, na mtu yeyote aliyewahi kukaa katika nyumba yenye watu ishirini angewaambia wale mabwana siri yao ina siku ngapi.

Upelelezi wote wa Tranby Croft ni huo. Ulianza kabla ya chakula cha jioni na kumalizika kabla ya watu kwenda kulala.

Ushahidi, tuutazame sawasawa

Gordon-Cumming alikuwa na maelezo, na si ya kijinga. Alisema anacheza kwa utaratibu ujulikanao kama coup de trois. Unaweka pauni 5. Ukishinda, huziondoi: unaziacha, unaacha na 5 ulizolipwa, na juu yake unaongeza 5 nyingine kutoka mfukoni. Mzunguko unaofuata dau lako ni 15.

Sasa jiweke kwenye kiti cha Stanley. Ni kijana, bakara haijui vizuri, meza ni za kuunganishwa, kitambaa kina rangi kama bustani. Karata zinafunuliwa, upande wenu umeshinda, na katika vurugu ile ya kulipana unaona mkono wa jirani yako ukiongeza kete nyekundu juu ya karatasi nyeupe. Mwizi angefanya hivyo. Anayecheza coup de trois kwa haki naye angefanya hivyohivyo. Tofauti ni moja tu: kete ile iliwekwa kabla mlipaji hajamfikia, au baada? Na hilo ndilo swali ambalo mtu anayeangalia kwa pembe ya jicho, saa tano ya usiku, baada ya mvinyo, hawezi kulijibu kwa uhakika wa kuapa.

Halafu ile karatasi nyeupe. Mwizi anayetegemea kete kutoonekana hatandiki karatasi nyeupe chini yake. Waliomtetea walilishikilia sana hili, nami naliona lina uzito, ingawa halimalizi hoja. Kuna wezi wanaotegemea ujasiri zaidi kuliko giza.

Kwa upande wa pili, mashahidi wa usiku wa pili walieleza kwamba kete ziliongezwa na malipo yakatolewa kwa kiasi kilichoongezwa. Hiyo si coup de trois tena. Ile pauni 10 ya ziada nayo inauma. Mtu asiseme kesi hii ni ya mtakatifu aliyeonewa.

Kinachonifanya nisite ni namna mashahidi walivyopatikana. Aliyeona bila kuambiwa na mtu ni mmoja tu, Stanley, usiku wa kwanza. Levett aliangalia baada ya kunong'onezwa. Lycett Green aliangalia baada ya kuelezwa, na mama mkwe baada ya kuandikiwa. Wasioambiwa kitu, je? Lord na Lady Coventry, akina Somerset, Sassoon, Bertie aliyeshika benki, na zaidi ya wote Jenerali Williams, ambaye kazi yake usiku wa pili ilikuwa kutazama madau: hakuna aliyeona kitu. Mstari wa walioona na wasioona unakaribia kufuata mstari wa walioambiwa na wasioambiwa. Watano walioona walikuwa mama, mwana, binti, mkwe na rafiki wa mwana. Kuwaita mashahidi watano ni ukarimu.

Zipo nadharia za njama pia. Iliyopendwa sana inamhusu Daisy, Lady Brooke, kipenzi cha Bertie, aliyetarajiwa kuwapo Tranby Croft lakini akafiwa na baba yake wa kambo. Inasemekana Gordon-Cumming alikuwa amemkaribia kupita kiasi na mwanamfalme akajua. Inafaa kwa sinema. Lakini haielezi kwa nini Stanley Wilson, kijana wa Hull, angemnong'oneza Levett usiku wa kwanza. Naiacha hapo.

Ambacho hakikufanyika

Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mpelelezi wetu wa Unguja asiye na cheo wala bastola, angewasha kiko chake na kuanza na maswali madogo. Kila mmoja wenu aliketi wapi? Nani alimwambia nani, na kabla au baada ya kuona? Angewatenganisha wale vijana, mmoja chumba hiki, mwingine kile, na kumtaka kila mmoja achore kete zilivyokaa. Angemwita mlipaji. Angemwambia Sir William aketi na kuonyesha utaratibu wake kwa kete zilezile, Stanley akiwa ameketi kiti kilekile. Kwa hizi hatua hauhitaji maabara, na usiku mmoja unatosha.

Bertie alikuwa na kila nyenzo. Mlipaji alikuwa rafiki yake wa karibu. Kete zilikuwa mali yake. Mtuhumiwa alikuwa tayari kuhojiwa, na zaidi ya hapo aliomba ahojiwe. Isitoshe Bertie alikuwa na cheo cha Field Marshal, na kanuni za jeshi zilitaka ofisa anayetuhumiwa kwa jambo la kumvunjia heshima apelekwe kwa kamanda wake, ambako uchunguzi ungefanyika. Wanajeshi kadhaa waliijua tuhuma hii usiku ule, wakiwamo yeye, Williams na Levett, na hakuna aliyeifikisha huko.

Sababu ni kwamba wote walikuwa wanachunga kitu kingine. Williams na Coventry hawakuwa wanatafuta kama Gordon-Cumming ameiba. Walikuwa wanatafuta njia ya kuzuia magazeti yasiandike kwamba mrithi wa kiti cha enzi amekaa nyumba ya mtu akigawa karata za mchezo haramu kwa kete zake mwenyewe. Uchunguzi wa kweli ungelazimu maelezo, na maelezo yangeanzia kwake. Akina Wilson nao walikuwa na mgeni wa kulinda. Kwa maana nyingine, kuwapo kwa mwanamfalme ndiko kulikoua upelelezi. Angekuwa hayupo, pengine Arthur Wilson angemwita Sir William pembeni, wakagombana, na jambo likajulikana ukweli wake asubuhi ileile.

Riwaya za wapelelezi wa kifalme zinalijua tatizo hili, kila moja kwa njia yake, na ndiyo maana nzuri zake zinachekesha. S. J. Bennett, aliyemfanya Malkia Elizabeth II mpelelezi katika mfululizo ulioanza 2020, anamnyima malkia wake ruhusa ya kuonekana akipeleleza: wa kutembea na kuuliza ni msaidizi wake wa ofisini, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, na sifa mwishoni wanapewa polisi. Malkia yule anajua kwamba akiingia chumbani watu wanaacha kusema kweli, kwa hiyo hamtumi mtu mwenye taji. Lovesey alichagua njia nyingine. Alimwacha Bertie wake aingie kila chumba, aulize kila swali, na apotee kila njia, kwa sababu kila anayemjibu anamjibu anachotaka kusikia. Bertie wa riwaya hana aibu ya kuuliza. Wa kweli alikuwa nayo, na ilimgharimu.

Mahakamani

Siri ilivuja kabla mwaka haujaisha. Desemba barua isiyo na jina ilimfikia Gordon-Cumming kutoka Paris ikimwambia kwamba habari zake za Tranby Croft zinasemwa huko. Alitaka watuhumu wafute maneno yao, wakakataa, akafungua kesi ya kashfa dhidi ya watano: Stanley, mama yake, Lycett Green, mkewe, na Levett.

Kesi ilianza London tarehe 1 Juni 1891 mbele ya Jaji Mkuu, Lord Coleridge. Jaji aligawa tiketi za kuingia kama za tamthilia. Mwanamfalme alipewa kiti cha ngozi nyekundu karibu na jaji, kana kwamba ni mgeni rasmi na si shahidi. Mdai alitetewa na Sir Edward Clarke, Wakili Mkuu wa Serikali, aliyeamini kwa dhati mteja wake hana hatia. Wadaiwa walikuwa na Sir Charles Russell, akisaidiwa na Asquith, yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Tarehe 2 Juni Bertie alisimama kizimbani. Mara ya mwisho alipotoa ushahidi ilikuwa 1870, katika kesi ya talaka ya akina Mordaunt. Mawakili wa pande zote mbili walimgusa kwa vidole laini, kama dakika ishirini hivi, na akaanza kushuka.

Hapo mjumbe mmoja wa juri, yaani wa lile jopo la raia wanaoamua kesi, akasimama na kusema ana maswali. Mawakili waliosoma, wenye majoho na vyeo, walikuwa wamemzunguka shahidi mkuu bila kumgusa. Raia wa kawaida akauliza mawili. La kwanza: je, Mtukufu aliona chochote cha udanganyifu unaodaiwa? Bertie akajibu hapana, akaeleza kwamba mshika benki kwa kawaida haoni mambo hayo, na kwamba ukiwa kati ya marafiki, katika nyumba ya mtu, huwazi kitu kama hicho. La pili: wakati ule, maoni yake yalikuwa nini juu ya tuhuma? Akajibu kwamba watuhumu walikuwa na kauli moja kiasi kwamba hakuona njia nyingine ila kuwaamini.

Maswali hayo mawili yalipaswa kuulizwa Tranby Croft miezi tisa kabla, na wa kuyauliza alikuwa yeye mwenyewe. Jibu la pili ndilo linaloeleza kisa kizima. Kauli moja ilimtosha. Hakujiuliza kauli hiyo ilikuwaje moja, nani aliipata kwa macho yake na nani aliipata sikioni. Katika riwaya yoyote ya upelelezi, watu watano wa nyumba moja wakisema jambo moja kwa namna moja, msomaji anakaa wima.

Juri walijadiliana dakika 13 na kuwapa ushindi wadaiwa, tarehe 9 Juni. Watu mahakamani waliwazomea walioshinda. Kesho yake Gordon-Cumming alifukuzwa jeshini, na siku hiyohiyo akafunga ndoa na Florence Garner, mrithi tajiri kutoka Marekani, ambaye alikataa kuvunja uchumba. Wakaenda kuishi Uskoti. Jamii ya juu ya London ilimfungia milango, na Bertie hakutaka kuonana naye tena. Alikufa mwaka 1930, bado akisema hakuiba.

Magazeti kwa kweli yalimhukumu mwanamfalme zaidi kuliko mdai. Makanisa yakamsema, The Times likatamani angekuwa naye ametia saini ya kuacha karata. Agosti mwaka huo Bertie alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury barua ya kujieleza. Ndani yake alisema kwamba anachukia kamari na daima amejitahidi kuwakataza wengine wenye mwelekeo huo, ila mbio za farasi, alisema, huenda zikaleta kamari na huenda zisilete. Lovesey, kwa umahiri wake wote, hakuhitaji kumbunia Bertie sauti.